Jiwe la Mizani la Bonde la Indus

Katikati ya karne ya 19, mainjinia wa Kiingereza waliokuwa wakitandaza reli baina ya Lahore na Multan, katika nchi ambayo leo ni Pakistan, walihitaji kokoto za kushindilia chini ya mataruma. Na kwa kuwa nchi ile ni tambarare ya udongo mtupu, isiyo na majabali wala machimbo ya mawe ya karibu, walijiona wamebahatika walipofika mahali paitwapo Harappa wakakuta vilima vya magofu vilivyosheheni matofali ya kuchoma yasiyo na idadi. Matofali yakachimbuliwa, yakavunjwavunjwa, yakatandazwa njiani kwa masafa marefu, na garimoshi zikapita juu yake. Ilikuwa mwaka 1921 ndipo Daya Ram Sahni alipoanza kuchimba Harappa kwa utaratibu wa kitaalamu, na mwaka uliofuata R. D. Banerji akaanza kazi kama hiyo Mohenjo-daro, mji mwingine uliofukiwa kiasi cha kilomita 600 kutoka hapo, upande wa kusini-magharibi. Na mwezi wa Septemba 1924 mkuu wao, John Marshall, akautangazia ulimwengu kwamba umevumbuliwa ustaarabu wa Bonde la Indus uliokuwa umesahauliwa kabisa, na haukupita muda ikabainika kuwa ni rika la Sumeri na la piramidi za Misri.

Miaka hiyohiyo ambayo matofali ya Harappa yalikuwa yakipondwa, London, makao makuu ya dola iliyokuwa ikiitawala India, haikuwa na njia ya kuaminika ya kuondoa maji yake machafu. Wakati wa joto wa mwaka 1858 mto Thames ulinuka hata wabunge wakashindwa kukaa katika jumba lao, na hapo ndipo Joseph Bazalgette alipopewa fedha na idhini ya kujenga mifereji mikubwa chini ya ardhi ya mji ule. Jawabu la shida yake lilikuwa limekwisha kupatikana zaidi ya miaka 4000 kabla yake, na lilikuwa limelala ndani ya vilima vilevile ambavyo watu wa taifa lake walikuwa wakivibomoa ili wapate kokoto.

Sisi wa leo tumezoea, tunapotaka kupima adhama ya kaumu zilizopita, kuyatazama kwanza makaburi ya wafalme wao. Mtoto wetu akitajiwa ustaarabu wa kale hutajiwa Farao na piramidi lake, kisha Babeli na mnara wake, na picha anayobaki nayo akilini ni ya mtu mmoja aliyeketi juu na maelfu ya wengine wanaobeba mawe chini. Kwa kipimo hicho watu wa Bonde la Indus ni mafukara wa kutupwa, maana katika miji yao halijapatikana kaburi la mfalme lililojaa dhahabu, wala kasri lililothibitika kuwa kasri, wala hekalu lisilo na shaka, wala nguzo iliyochorwa mtawala akiwakanyaga maadui zake. Sanamu zao mbili zinazojulikana sana ni ndogo kuliko kopo la maziwa ya unga: msichana wa shaba nyeusi mwenye urefu wa sentimita 10.5, aliyeshika kiuno na kujaza bangili mkono mmoja mpaka begani, na mwanamume wa jiwe mwenye ndevu, kiasi cha sentimita 17.5, ambaye wachimbaji walimwita kuhani-mfalme bila ya kuwa na ithibati ya ukuhani wala ya ufalme. Mimi naona kwamba kipimo ndicho kibovu, na kwamba bonde hili, kuliko mengine yote ya kale, latufaa kutuonyesha kitu gani hasa cha ustaarabu hudumu baada ya ustaarabu wenyewe kuanguka.

Miji ya bonde hili ilisitawi baina ya mwaka 2600 na mwaka 1900 kabla ya Masihi. Mahali palipokaliwa na watu wake, tukihesabu miji, vijiji na vituo vya biashara, pamepatikana zaidi ya elfu moja, kuanzia Shortughai kaskazini mwa Afghanistan mpaka pwani ya Gujarat, eneo lililo kubwa kuliko Misri na Sumeri za zama zile zikiunganishwa. Katika nchi yote hiyo tofali la kuchoma lilifuata nisbati moja: upana mara mbili ya kimo, na urefu mara mbili ya upana. Fundi aliyezoea ujenzi huona mara moja faida yake, kwa kuwa tofali la namna hiyo laweza kulazwa kwa urefu au kwa kukingama na kila mstari ukalingana na mwenzake, hata ukuta ukafungamana wenyewe kwa wenyewe.

Na tuingie katika nyumba moja ya Mohenjo-daro, kwa maana uhodari wa watu hawa hauonekani kwa mbali. Mlango haufunguki kwenye barabara kuu, hufunguka kichochoroni, na ndani mna ua ambao vyumba vimeuzunguka. Pembeni mna chumba kidogo cha kuogea, sakafu yake imepangwa kwa matofali yaliyosuguliwa kingo mpaka hayapitishi hata ukucha, nayo imeinamishwa kidogo kuelekea pembe moja, ambako maji hupenya ukutani na kushuka katika mfereji wa nje. Mfereji huo umejengwa kwa matofali na kufunikwa kwa matofali au vibao vya mawe vinavyoweza kuondolewa, na kila baada ya masafa fulani pana shimo ambamo takataka nzito hutuama ili maji yaendelee na safari yake. Mimi hilo shimo ndilo linalonistaajabisha. Kujenga mfereji ni kazi ya mara moja, na dola yoyote yenye fedha yaweza kuifanya na kuizindua kwa ngoma; lakini shimo la kutuamisha taka halina maana isipokuwa pawe na mtu ambaye kazi yake ni kuja kulizoa, leo na kesho na mwaka ujao, na pawe na mtu mwingine wa kumlipa na wa kumuuliza asipokuja. Palipo na mashimo ya namna hiyo, hapana budi palikuwa na utawala wa mji uliojua jambo ambalo halmashauri nyingi za zama zetu hazijalijua, yaani kwamba mtaro haumaliziki kujengwa.

Visima navyo havikuwa haba. Wataalamu wamekisia kwamba Mohenjo-daro peke yake ilikuwa na visima kama 700, na matofali yake yalifinyangwa kwa umbo la kabari, membamba upande wa ndani na mapana upande wa nje, ili udongo unavyozidi kuyasukuma ndivyo yanavyozidi kubanana. Leo, baada ya udongo uliovizunguka kuondolewa, baadhi ya visima hivyo vimesimama peke yake juu ya ardhi kama minara. Lile birika kubwa ambalo kila mgeni hupelekwa kulitazama, lenye urefu wa mita 12, upana wa mita 7 na kina cha mita 2.4, lililozibwa kwa lami ili lisivuje, ni zuri bila ya shaka. Lakini nathubutu kusema kwamba visima vya mitaani ni fahari kubwa zaidi.

Hata hivyo kama ningeruhusiwa kuchagua kitu kimoja tu cha kuwawakilisha watu hawa, nisingechagua kisima wala birika. Ningechagua jiwe la mizani. Ni mchemraba mdogo wa gumegume, au wa jiwe jingine gumu la jamii hiyo, uliokatwa na kung'arishwa kwa uangalifu, na aghalabu hauna alama yoyote juu yake. Mdogo kabisa katika wale wa kawaida hauzidi gramu 0.9; wa pili ni maradufu yake, wa tatu ni maradufu ya wa pili, kisha mara 8, mara 16, mara 32 na mara 64, na kuanzia hapo hesabu hupanda kwa makumi na mamia mpaka kwenye mawe ya kilo zaidi ya 10. Ule wa mara 16, wenye uzito unaokaribia gramu 14, ndio unaopatikana kwa wingi kuliko yote. Jiwe la Harappa ukilipambanisha na la Mohenjo-daro, au na la Lothal huko Gujarat, utakuta tofauti ni ndogo mno, na desturi hii ilishikwa kwa karne nyingi, katika nchi ambayo msafiri wa ng'ombe na jahazi alihitaji wiki kadha kuivuka.

Tafakari, msomaji, maana ya jambo hilo. Mtu anayenunua kwa jirani yake hahitaji mizani ya serikali, kwa kuwa anamjua jirani na baba wa jirani, na akidhulumiwa atamsema barazani. Bali anayenunua kwa mgeni wa mbali, ambaye hamjui na huenda asimwone tena, hana la kumtegemea isipokuwa kipimo ambacho wote wawili wamekikubali. Huko Harappa mawe mengi ya mizani yamepatikana karibu na malango ya mji, na wataalamu wamefahamu kwa hoja hiyo kwamba ushuru wa bidhaa ulikuwa ukitozwa hapo. Kwa hiyo nisifikiriwe kuwa nawasifu watu wa peponi. Walitoza ushuru kama sisi, na walikuwa na nyumba kubwa na nyumba ndogo kama sisi, na wale wanaosema kwamba ilikuwa jamii isiyo na mkubwa wala mdogo kwa kuwa tu hapana kaburi la mfalme wanakwenda mbali kuliko dalili. Lakini ushuru unaotozwa kwa jiwe ambalo mfanyabiashara mwenyewe analo mfano wake mfukoni si sawa na ushuru unaotozwa kwa kisio la jicho la mtoza ushuru, na aliyewahi kusimama mbele ya mizani ya karani wakati wa mavuno ya pamba au korosho hahitaji kuelezwa tofauti hiyo.

Uaminifu wa mawe hayo ulivuka bahari. Bahrain, iliyoitwa Dilmun na watu wa Mesopotamia, ilipima bidhaa kwa mizani ya Indus; na Oman, iliyoitwa Magan, ilipeleka shaba na kupokea bidhaa za bonde hilo, hata huko Ras al-Jinz, si mbali na Sur, bandari ambayo majahazi yake wazee wa Unguja na Mombasa waliyajua vizuri, wachimbaji wakapata vigae vya mitungi ya Indus pamoja na vipande vya lami iliyopakwa vyombo vya baharini zaidi ya miaka 4000 iliyopita. Mfalme Sargon wa Akkad, huko Mesopotamia, alijisifu kwamba merikebu za Meluhha, Magan na Dilmun zilifunga katika gati yake, na Meluhha wataalamu wengi wanaifahamu kuwa ndiyo nchi ya Indus. Katika jumba la Louvre, mjini Paris, umo muhuri wa zama za Akkad wa mtu aitwaye Shu-ilishu, na kazi yake imeandikwa humo: mkalimani wa lugha ya Meluhha. Maandishi ya Indus yenyewe, yenye alama karibu 400 zilizochongwa juu ya mihuri midogo ya mawe, hayajasomwa hata leo, na mtu pekee tunayemjua kwa jina na kwa kazi ambaye angaliweza kututafsiria maneno ya watu wale amekuwa kaburini tangu zaidi ya miaka elfu nne.

Kisha miji ikafa. Kuanzia mwaka 1900 hivi kabla ya Masihi, mvua za msimu zilipodhoofika na baadhi ya mito, ule wa Ghaggar-Hakra hasa, ikapungua maji, watu waliiacha miji kidogokidogo wakahamia vijijini, wengi wao upande wa mashariki. Na hapa ndipo penye jambo ambalo wanaousifu ustaarabu huu hupenda kulipita kimya. Mifereji ilikufa pamoja na miji bila ya mrithi. Maandishi yalikufa. Ule mkono uliosimamia tofali moja na jiwe moja kwa nchi nzima ulilegea, na ingawa hesabu ya kuongeza maradufu mpaka 16 haikutoweka India, ambako rupia iligawanywa kwa anna 16 hata karne ya 20, rupia ileile iliyotembea katika pwani yetu yote mwishoni mwa karne ya 19, hapana awezaye kuunganisha mnyororo huo pete kwa pete. Kila kilichohitaji amri ya mji kilianguka mji ulipoanguka, na watu wa baadaye wakalazimika kukibuni upya.

Kilichosalia ni kile kilichokuwa mikononi mwa watu wadogo. Mfano wa kwanza ni akiki. Mafundi wa Indus walikuwa mabingwa wa kutengeneza shanga ndefu za akiki nyekundu, ambazo zimepatikana hata katika makaburi ya kifalme ya Ur, huko Sumeri, na kutoboa ushanga mmoja wa namna hiyo kwa keekee ya jiwe kulichukua siku kadha za kazi isiyokatika. Khambhat, katika Gujarat, si mbali na magofu ya Lothal, kazi hiyo haijakoma mpaka leo: mawe huchomwa taratibu ndani ya vyungu ili chuma kilichomo kigeuke rangi na kuwa chekundu, kisha fundi hulitegemeza jiwe kwenye ncha ya chuma na kulichonga kwa nyundo ya pembe ya nyati, na wataalamu waliokaa na mafundi hao wamejifunza kwao namna ya kuzifahamu karakana za kale. Shanga za akiki za namna hiyo zimeokotwa katika magofu ya pwani yetu, Kilwa ikiwemo, zikiwa zimeletwa na kaskazi pamoja na vitambaa vya pamba. Na pamba yenyewe ilijulikana bondeni humo kabla ya miji, kwa kuwa nyuzi zake zimepatikana Mehrgarh, kijiji kilichoitangulia miji hiyo, na kitambaa chake kilichotiwa rangi nyekundu kimepatikana Mohenjo-daro kikiwa kimeganda kwenye chombo cha fedha.

Mfano wa pili ni mkubwa zaidi, nao unatembea katika mbuga zetu kila siku. Ng'ombe mwenye nundu, ambaye wafugaji wa kandokando ya Bonde la Indus walimzoesha miaka elfu kadha kabla ya kujengwa Mohenjo-daro, ndiye yule aliyechorwa katika mihuri mizuri kuliko yote ya mji huo, nundu yake imeinuka na ngozi ya shingo yake inaning'inia kwa mikunjo, mkono wa mchongaji ukiwa haukukosea hata mstari mmoja. Ng'ombe huyo alifika Afrika, akavumilia jua na ukame, akachanganyika na ng'ombe waliokuwako. Na elimu ya nasaba za wanyama imeonyesha kwamba ng'ombe wetu wa leo wamechukua kwa upande wa mafahali damu nyingi ya Indus, ilhali kwa upande wa majike wamebaki kuwa Waafrika. Msukuma, Mmasai, Mnyaturu au Mborana anayehesabu utajiri wake kwa nundu zinazorudi zizini jioni ni mrithi wa bonde ambalo pengine hajapata kulisikia.

Wala deni hili si la upande mmoja. Mtama, uwele na wimbi, nafaka zenye asili ya Afrika, zilivuka kwenda India katika milenia ya pili kabla ya Masihi, zikapandwa na wakulima wa kule, hasa katika nchi kavu za Gujarat na Kachchh, ambako mvua ni ya kubahatisha. Kachchh ndiko uliko Dholavira, mmoja wa miji ya Indus, wenye mabirika makubwa ya kuhifadhi maji, mengine yamekatwa katika mwamba, ambao UNESCO iliuingiza katika urithi wa dunia mwaka 2021. Na ndiko walikotoka mababu wa wengi katika Wahindi wa Unguja na Mombasa, waliopanda majahazi Mandvi. Mtu wa Kachchh anayekula mkate wa uwele na mtu wa Dodoma anayesonga ugali wa nafaka hiyohiyo wanakula kutoka ghala moja.

Basi ombi langu nalielekeza kwa wanaotunga vitabu vya historia na kwa walimu wanaovisomesha. Farao abaki, na piramidi libaki, hatuna ugomvi nalo. Lakini Bonde la Indus lipewe zaidi ya mistari miwili ya kujazia ukurasa, na lisomeshwe pamoja na picha mbili: ya mchemraba wa gumegume uliolala kando ya rula, ili mtoto aone udogo wake, na ya muhuri wa fahali mwenye nundu. Wenye shule za vijijini wasiingoje picha hiyo ya pili kutoka wizarani. Wawapeleke wanafunzi kwenye zizi lililo karibu, wawaonyeshe nundu, na wawaambie ilitoka wapi.